Ethnomuzikolojia si elimu ya ngoma za kale

Kila unapozuka ubishi mitandaoni kuhusu msanii aliyechota wimbo wa wazee na kuuingiza studio, hakosekani mtu wa kuuliza: hivi hawa wataalamu wa muziki wa asili wako wapi? Anayeitwa hapo ni mwanaethnomuzikolojia, na tayari ameshavishwa kofia isiyo yake. Wengi wanamdhania kuwa mtu wa kuzunguka vijijini na kinasa sauti, akiokoa nyimbo zinazokufa. Wengine wanaamini ni mpiga ngoma aliyepata shahada. Dhana hizo hazikutoka hewani, maana kuna wakati fani hii ilifanya kazi hizo hizo. Ila imeshahama, tena zaidi ya mara moja, na anayeitazama leo kwa macho ya mwaka 1900 ataielewa vibaya.

Tuanze na maana. Ethnomuzikolojia ni taaluma inayochunguza muziki pamoja na watu wanaoutengeneza na kuusikiliza: nani anaimba, anamwimbia nani, alifundishwa vipi, analipwa na nani, na kwa nini watu wa mahali fulani huuita huu muziki na ule kelele. Muziki wenyewe unaweza kuwa wowote, kwaya, dansi, hip hop au orkestra ya Vienna. Dada yake mkubwa ni muzikolojia, ambayo kwa muda mrefu huko Ulaya ilijishughulisha zaidi na muziki ulioandikwa kwa nota na historia ya watunzi wake. Mgawanyo wao wa kazi haukuwa wa haki: mmoja alipewa Ulaya, mwingine akaachiwa dunia nzima iliyobaki.

Historia ya fani hii naiona kama ubishi mmoja mrefu kuhusu mahali pa mtafiti kukaa. Akae mezani kwake na rekodi zilizoletwa kutoka mbali? Akae miguuni pa mwanamuziki, awe mwanafunzi? Au mwanamuziki mwenyewe ndiye awe mtafiti?

Kabla ya fani

Udadisi wa muziki wa watu wengine ni wa zamani mno. Katika karne ya 10, mwanafalsafa al-Farabi aliandika kitabu kikubwa cha muziki ambamo alieleza jinsi tanburi, ala ya nyuzi, ya Baghdad na ile ya Khorasan zilivyotofautiana katika mpangilio wa sauti. Mwanafalsafa Rousseau naye, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, alichapisha nota za wimbo wa Kichina na nyimbo za wenyeji wa Kanada. Kwa hiyo anayesema Wazungu wa karne ya 19 ndio waliogundua kwamba watu hutofautiana kimuziki amekosea. Walichofanya wao ni kuugeuza udadisi huo kuwa kazi ya chuo kikuu, yenye vipimo, hifadhi na mishahara.

Mwaka unaotajwa sana ni 1885. Mwaka huo Guido Adler, aliyekuwa bado kijana, alichora ramani ya elimu nzima ya muziki, na ndani yake akatenga kipande kidogo cha kulinganisha nyimbo za mataifa mbalimbali. Kipande hicho kikaja kuitwa muzikolojia linganishi. Mwaka huo huo, huko London, Alexander Ellis alichapisha utafiti wake kuhusu ngazi za muziki za mataifa, na hapa inafaa tutulie kidogo.

Ellis alikuwa mtu wa hisabati na matamshi, na kwa kazi ya kusikiliza alitegemea masikio ya rafiki yake Alfred Hipkins. Alitaka njia ya kupima umbali kati ya sauti mbili bila kulazimika kutumia majina ya nota za Ulaya. Akauchukua umbali wa okteva, yaani kutoka sauti moja hadi ile inayofanana nayo juu yake, akaugawa vipande 1200 na kuviita senti. Hatua ndogo kabisa ya piano ina senti 100. Alipopima ala za India, Uarabuni, Java, China na kwingineko, akaona kwamba hakuna ngazi moja ya maumbile ambayo binadamu wote huifuata. Kila jamii imejitengenezea yake. Leo jambo hilo linasikika la kawaida, ila wakati ule wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba ngazi yao imetoka moja kwa moja kwenye sheria za fizikia. Na wale wanaopenda kusema muziki ni lugha ya dunia nzima walipaswa kuanza kutilia shaka usemi wao tangu siku hiyo. Binadamu wa kila mahali hufanya muziki, hilo kweli. Kuuelewa wa mwenzako ni habari nyingine.

Nta na tarumbeta

Hata hivyo vipimo peke yake visingeifikisha fani mbali. Iliyoifikisha ni mashine. Edison alitengeneza fonografu, mashine ya kunasa sauti na kuirudia, mwaka 1877, na mwezi Machi 1890 Jesse Walter Fewkes, aliyesomea wanyama, akaipeleka Calais, katika jimbo la Maine nchini Marekani, na kurekodi nyimbo na simulizi za Wapassamaquoddy, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Hizo ndizo zinazohesabiwa kuwa rekodi za kwanza za utafiti zilizofanywa nje, mahali watu wanapoishi.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1900, kikundi cha wasanii kutoka Siam, nchi ambayo leo ni Thailand, kilifika Berlin kufanya maonyesho. Mwanasaikolojia Carl Stumpf aliwarekodi, na rekodi hizo zikawa mwanzo wa Hifadhi ya Fonogramu ya Berlin. Vienna ilikuwa imeshaanzisha yake mwaka mmoja kabla. Kuanzia 1905 hifadhi ya Berlin iliongozwa na Erich von Hornbostel, mwenye shahada ya kemia. Mwanahisabati, mtaalamu wa wanyama, mwanasaikolojia, mkemia: fani ya muziki iliyolelewa na watu wa maabara.

Na ilifanya kazi kama maabara hasa. Fundi wa maabara hupokea chupa ya damu yenye lebo, huipima na kuandika majibu bila kumwona mgonjwa. Ndivyo Berlin ilivyopokea mitungi ya nta, yaani silinda ndogo zilizonaswa sauti, kutoka kwa wamisionari, maofisa wa kikoloni na wasafiri. Karl Weule alirekodi kusini mwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1906. Mwaka 1909 Hornbostel alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi, na hakuwahi kukanyaga Unyamwezi.

Inafaa kujua chupa hiyo ilijazwaje. Mtungi mmoja wa nta ulibeba dakika mbili au tatu tu, kwa hiyo wimbo wa usiku kucha ulikatwa ukabaki kipande. Mwimbaji alisimama mdomo ukiielekea tarumbeta ya mashine, amenyooka, bila kucheza. Ngoma nzito hazikushikika vizuri. Kabla ya wimbo, mrekodi alipuliza filimbi ndogo yenye sauti inayojulikana, ili Berlin waweze kusahihisha kasi ya mtungi wakati wa kuusikiliza. Nakala zilitolewa kwa kuupaka mtungi shaba kwa umeme na kupata kalibu ya shaba, na katika kazi hiyo nta ya asili iliharibika. Kilichobaki mezani ni sauti nyembamba isiyo na mchezaji, isiyo na wanaoitikia, isiyo na shughuli iliyouzaa wimbo. Kisha juu ya hiyo ndipo zilijengwa nadharia za muziki wa binadamu wote.

Nadharia hizo nyingi hazikuzeeka vizuri. Watafiti wa kizazi kile walipenda kuwapanga watu kwenye mstari kutoka sahili hadi tata, na hakuna tuzo kwa atakayekisia nani aliwekwa mwisho wa mstari. Lakini si kila kitu kilikuwa cha kutupa. Mwaka 1914 Hornbostel na Curt Sachs walitoa mfumo wa kuainisha ala za muziki ambao makumbusho bado yanautumia. Hauulizi ala ni ya nani wala inapigiwa nini; unauliza kinachotetema ni nini. Kama ni mwili wa ala yenyewe, kama kayamba au marimba, ni kundi la 1. Ngozi iliyowambwa, la 2. Nyuzi, la 3. Hewa, la 4. Baadaye ala za umeme zikaongezwa. Kwa hesabu hiyo piano, pamoja na majivuno yake yote, inaangukia kundi la 3, katika ukoo wa zeze za ubao, na kayamba ina namba yake ya heshima, 112.1.

Mwaka 1933 Wanazi walimfukuza Hornbostel kazini kwa sababu mama yake alikuwa Myahudi, naye akafa Cambridge miaka miwili baadaye. Sachs pia alilazimika kuondoka. Mitungi ya Berlin ilihamishwa wakati wa vita, ikachukuliwa hadi Leningrad, ikarejeshwa Berlin Mashariki, na hatimaye ikarudi nyumbani baada ya Ujerumani kuungana. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Cairo, 1932

Kuna tukio moja ambalo linaonyesha tatizo la kukaa mezani kuliko maelezo yoyote. Mwaka 1932 Mfalme Fuad wa Misri aliitisha Cairo kongamano la muziki wa Kiarabu. Walikuja Hornbostel, Sachs, mtunzi Béla Bartók, ambaye alikuwa amekusanya nyimbo za wakulima wa Hungaria na majirani zake kwa fonografu, na Robert Lachmann, aliyeongoza kamati ya kurekodi. Vikundi vilikuja kutoka Morocco, Algeria, Tunisia, Iraq na kwingineko.

Mtu angetarajia wenyeji wautetee muziki wao na wageni watake kuubadili. Mambo yakawa karibu kinyume. Wamisri wengi waliokuwapo walitaka usasa: ngazi moja rasmi ya sauti 24 zilizolingana ndani ya okteva, shule za muziki, pengine na piano iliyotengenezwa kupiga robo toni, yaani nusu ya hatua ndogo kabisa ya piano ya kawaida. Wageni kutoka Ulaya ndio walioshika breki. Waliogopa kwamba piano ingeua ulaini wa sauti za maqam, yaani mifumo ya sauti ya muziki wa Kiarabu, na walitaka muziki ubaki kama ulivyo ili uendelee kuchunguzwa.

Nani alikuwa na haki? Kwa masikio, naona wageni walikuwa na hoja, maana ngazi ya sauti 24 sawa haikulingana na walivyopiga wanamuziki wenyewe. Lakini muziki haukuwa wao. Huwezi kumwambia mtu asibadilishe nyumba yake kwa sababu wewe hujamaliza kuichora. Swali hilo la nani ana mamlaka ya kusema muziki uendeje halikumalizika Cairo, na fani haijalimaliza hadi leo.

Kutoka mezani hadi mkekani

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalibadilika haraka. Mwaka 1950 Jaap Kunst, Mholanzi aliyetumia miaka mingi Java kuchunguza gamelan, orkestra ya huko yenye gongo na vibao vya shaba, alipendekeza jina jipya lenye kistari katikati, ethno-muzikolojia, badala ya muzikolojia linganishi. Hoja yake ilikuwa rahisi: kulinganisha si sifa ya fani hii peke yake, kila sayansi hulinganisha. Mwaka 1955 Wamarekani wakaanzisha Chama cha Ethnomuzikolojia, akiwamo Alan Merriam, na kistari kikatupwa.

Ndani ya chama hicho kukawa na kambi mbili. Merriam, mtu wa anthropolojia, alisema mwaka 1964 kwamba sauti ni sehemu moja tu kati ya tatu za hadithi. Nyuma yake kuna mwenendo wa watu, na nyuma ya mwenendo kuna mawazo yao kuhusu muziki ni kitu gani. Ukichunguza sauti peke yake umeshika mkia. Mantle Hood, mwanafunzi wa Kunst aliyefundisha Los Angeles, alikuwa na jibu lake: mtafiti ajifunze kupiga. Alivyoona yeye, mtu anaweza kumiliki muziki wa aina mbili kama anavyoweza kumiliki lugha mbili, na asiyejaribu hajui anachokosa. Wanafunzi wake waliwekwa mbele ya gamelan na kuambiwa wapige.

Kwa nini kupiga kuwe na uzito hivyo? Amadinda ya Buganda inaeleza. Ni marimba ya vibao 12, na wapigaji ni watatu. Wa kwanza, omunazi, anaanza mfululizo wake wa mapigo yaliyolingana, mikono yote miwili ikipiga sauti ile ile kwa umbali wa okteva. Wa pili, omwawuzi, upande wa pili wa vibao, anaingiza mapigo yake katikati kabisa ya yale ya mwenzake, pigo kwa pengo. Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili vidogo tu, na kazi yake ni kuzidokoa sauti mbili fulani kila zinapotokea ndani ya msongamano huo. Ukisikiliza kwa mbali unasikia tuni kadhaa zikipishana. Lakini ukiwatazama mikono yao, hakuna hata mmoja anayezipiga. Zinaundwa sikioni mwa msikilizaji.

Sasa fikiria rekodi hiyo imefika Berlin. Mchambuzi anaandika nota za tuni anazozisikia, kwa uaminifu kabisa, na anachoandika hakifanani na kinachofanywa na mkono wowote. Karibu na mwaka 1960 Gerhard Kubik, Mwaustria, alijifunza muziki huu Kampala kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka, na ni kwa kukaa kwenye kiti cha mpigaji ndipo alipoweza kueleza jinsi tuni hizo za ndani zinavyozaliwa. Kabla yake Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alikuwa amepima sauti za ala za Buganda na kukuta okteva imegawanywa takriban sehemu tano zinazokaribiana, karibu senti 240 kila moja. Kwenye piano hakuna hatua hiyo. Kuna 200 na kuna 300. Kwa hiyo senti za Ellis bado zina kazi. Hazikutupwa, zilipewa mwenzi, yaani kujifunza kupiga.

Nisieleweke kwamba kila aliyekaa karibu na wapigaji alielewa. A. M. Jones, mmisionari aliyeishi Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alibuni mashine ya kuchora mapigo ya ngoma kwenye karatasi inayotembea, na kwa msaada wa Desmond Tay, mpigaji wa Kiewe, kabila la Afrika Magharibi, akatoa uchambuzi mzito mwaka 1959. Kazi nzuri. Lakini kazi za namna hiyo zilichangia imani kwamba Afrika ina mdundo tata na si vingine sana, imani ambayo Kofi Agawu wa Ghana aliivunjavunja mwaka 2003. Swali linalotokana na hoja yake linauma: kama Mwafrika na Mzungu wote wana nyimbo za kubembeleza watoto, kwa nini vitabu vilivyojaa tofauti ni vingi kuliko vinavyotaja kufanana?

Mwenye wimbo ndiye msomi

Agawu hakuwa Mwafrika wa kwanza kuuchunguza muziki wa kwao. Kwabena Nketia, aliyezaliwa Mampong, Ghana, mwaka 1921 na kufariki mwaka 2019, alichunguza nyimbo za matanga za Waakan akiwa amekua katikati yake. Hakuhitaji kuomba kuingizwa kilioni. Alijenga masomo ya muziki wa Afrika katika Chuo Kikuu cha Ghana, akafundisha pia Marekani, na alikuwa mtunzi kwa haki yake. Pamoja naye dhana ya kwamba mtafiti lazima atoke mbali ilianza kupoteza nguvu. Mgeni huona yale mwenyeji aliyozoea, ndiyo, lakini mwenyeji husikia yale ambayo mgeni hajui kwamba yapo.

Wakati huo huo nyimbo zilizorekodiwa zilianza maisha yao wenyewe. Hugh Tracey, aliyeanzisha maktaba kubwa ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini mwaka 1954, aliwarekodi mwaka 1950 wasichana wa Kikipsigis wa Kenya wakimwimbia Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Jina lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimeshafika huko. Anayetafuta muziki wa kale usioguswa na dunia achunguze hapo kwanza. Katika muongo wa 2010 nakala za rekodi hizo zilirudishwa kwa jamii iliyoziimba.

Habari ya Afunakwa ni chungu zaidi. Mwanamke huyu wa kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, aliimba wimbo wa kubembeleza mtoto mbele ya kinasa sauti cha mtafiti Hugo Zemp, na ukatoka kwenye santuri ya UNESCO mwaka 1973. Mwaka 1992 kikundi cha Ufaransa, Deep Forest, kiliichukua sauti yake na kuifanya wimbo uliouzwa dunia nzima. Kukazuka mzozo: nani aliombwa ruhusa, na nani alikuwa na haki ya kuitoa? Mwaka 1996 mpiga saksafoni Jan Garbarek naye akaupiga kwa jina lililoutaja kuwa wa Mbilikimo, yaani umehamishwa kutoka Pasifiki hadi misitu ya Afrika ya Kati bila mtu kushtuka. Mwanaethnomuzikolojia Steven Feld, aliyefuatilia sakata hili, aliwafanya wenzake wakubali kwamba hifadhi zao si makabati ya kimya.

Ndiyo maana swali la umiliki, lile la mitandaoni, sasa limo ndani ya fani yenyewe. Rekodi za Fewkes zilizopo Maktaba ya Bunge la Marekani zimefanyiwa kazi upya na Wapassamaquoddy wenyewe, ambao wameandika maneno ya nyimbo na kuziwekea lebo zao za masharti, mojawapo ikikataza kuuzwa.

Na darubini imegeuzwa. Mwaka 1995 Bruno Nettl, mmoja wa wazee wa fani, alitoa utafiti kuhusu shule za muziki za vyuo vikuu vya Marekani, akiziangalia kama kabila geni: nani anamheshimu nani, chumba gani ni kitakatifu, nani anaruhusiwa kugusa ala gani. Mozart na Beethoven wakatokea humo kama miungu wa mahali hapo. Tangu hapo wapo wanaosema muzikolojia zote mbili ziunganishwe na kile kiambishi cha mbele, ethno-, kifutwe. Wengine, hasa baada ya mjadala mkali wa mwaka 2020 kuhusu ubaguzi wa rangi ndani ya chama cha Marekani, wanajibu kwamba kukifuta kiambishi ni rahisi. Kazi ni kubadilisha nani anaajiriwa, nani anachapishwa na muziki wa nani unahesabiwa kuwa somo la lazima.